Mambo ya Nyumbani: Pua Isiyosikia Harufu

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya kiungo ambacho watu wachache hukikumbuka katika sala zao. Tukiamka asubuhi twamshukuru Mungu kwa macho, maana tumeliona jua; twamshukuru kwa miguu, maana yatupeleka shambani na kanisani. Lakini ni nani kati yetu aliyepata kupiga magoti akashukuru kwa ajili ya pua yake? Walakini Mtume Paulo hakuisahau. Alipowaandikia Wakorintho habari za mwili mmoja wenye viungo vingi, aliwakumbusha kwamba mwili uliofanywa sikio tupu usingeweza kunusa kitu.

Lugha yetu yenyewe inalijua neno hili. Hatusemi tu kwamba mtu ananusa. Twasema anasikia harufu. Kama vile sikio lisikiavyo sauti, ndivyo pua isikiavyo habari za mambo yasiyoonekana: ya kwamba wali umeanza kushika chini, ya kwamba maziwa yamechacha, ya kwamba mvua inanyesha ng'ambo ya kilima. Basi ikiwa iko pua isikiayo, iko na pua iliyo kiziwi. Habari ya uziwi huo ndiyo tutakayoieleza, hasa kwa watu walio na ugonjwa uitwao Parkinson. Maana kwao uziwi wa pua waweza kuja miaka mingi kabla ya mkono kutetemeka.

Tufikiri nyumba moja. Yuko bibi wa miaka 65, mpishi hodari tangu ujana wake, ambaye wali wake wa nazi ulisifiwa na mtaa mzima. Siku hizi mchuzi wake una chumvi nyingi. Juzi aliwapakulia wajukuu samaki aliyekwisha kuvunda, na mkwewe alipoonja akatema. Jana sufuria iliungua hata moshi ukajaa jikoni, naye bibi alikuwa ameketi mlangoni, ameupa moto kisogo, asijue neno. Mkwewe akanung'unika, "Mama amekuwa mzembe." Jirani naye akaongeza lake, kwamba mzee huyu moyo wake haupo tena nyumbani. Mwanawe akanyamaza kwa aibu. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza, "Mama, wasikia harufu?" Wala yeye mwenyewe hakusema, kwa sababu hakujua. Jicho likififia, mtu hujikwaa, akatambua. Sikio likiziba, watu hurudia maneno, akatambua. Lakini harufu huondoka kidogo kidogo, kama mgeni atokaye usiku pasipo kuaga, na mwenye nyumba hudhani angali amelala chumbani.

Nyumba hiyo tumeifikiri tu. Lakini nyumba za namna hiyo ziko, na huenda mmoja wenu anaposoma haya amekwisha kukumbuka yake.

Sasa tuulize, ugonjwa huu ni ugonjwa gani? Mwaka 1817 daktari mmoja wa London, jina lake James Parkinson, alichapisha kitabu kidogo juu ya ugonjwa wa kutetemeka. Alieleza habari za wagonjwa sita tu, na wengine katika hao aliwaona njiani wakipita. Hata hivyo macho yake yalikuwa makali. Aliona jinsi mkono utetemekavyo ingawa umewekwa pasipo kazi, jinsi mwili uinamavyo mbele, na jinsi mgonjwa aanzaye kutembea avutwavyo kwenda mbio asivyotaka. Miaka mingi baadaye daktari Jean-Martin Charcot wa Paris alitaka ugonjwa huo uitwe kwa jina la Parkinson, na ndivyo uitwavyo mpaka leo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 walikuwako ulimwenguni watu zaidi ya milioni 8.5 wenye ugonjwa huo.

Lakini hata mtu hodari huweza kupitiwa. Parkinson aliandika kwamba hisi za mgonjwa na akili zake hazidhuriki. Aliutazama mkono, pua hakuiuliza. Ilipita zaidi ya miaka 150, ndipo mwaka 1975 wataalamu wawili, Ansari na Johnson, walipotoa habari huko Marekani ya kwamba wamewapima wagonjwa wa Parkinson, wakaona kunusa kwao kumepungua. Kisha, katika mji wa Philadelphia, Richard Doty na wenzake walitengeneza kipimo kilichotolewa mwaka 1984. Ni vijitabu vyenye harufu 40. Kila ukurasa una kidoa. Mtu hukikwaruza kwa ncha ya kalamu, harufu ikatoka, naye huchagua jina moja katika majina manne yaliyoandikwa. Kwa kipimo hiki na vingine vya namna yake imejulikana kwamba watu kama 9 katika 10 wenye ugonjwa wa Parkinson wana upungufu wa kunusa, mdogo au mkubwa. Na jambo la kustaajabisha ni hili: wengi wao, walipoulizwa kabla ya kupimwa, walijibu kwamba pua zao ni nzima.

Katika harufu zile 40 imo karafuu, ambayo mtoto wa Unguja na Pemba huijua kabla hajajua kusoma. Lakini zimo pia harufu za vyakula na vinywaji vya Kimarekani ambavyo bibi wa kijijini kwetu hajapata kuvionja. Asipozitambua, kosa si la pua yake. Kwa sababu hiyo wataalamu wa nchi nyingine wamelazimika kubadili baadhi ya harufu, wakatia zile ambazo watu wao wamezizoea tangu utoto. Hili na tulikumbuke, kwa maana tutalirudia hapo mbele.

Yafaa sasa tueleze kwa nini pua huguswa mapema. Juu kabisa ndani ya pua, mahali ambapo kidole hakifiki, iko ngozi laini yenye chembe za kunusa. Kutoka hapo nyuzi nyembamba za fahamu hupanda, zikapenya katika mfupa wenye matundu madogo kama chekecheo, zikaingia katika vinundu viwili vya ubongo, kimoja kuume na kimoja kushoto. Humo ndimo habari ya harufu inamopokewa kwanza. Basi katika ugonjwa wa Parkinson, protini moja iitwayo alfa-sinukleini hujikunja vibaya na kujikusanya madonge ndani ya chembe za ubongo. Madonge hayo yalielezwa na Friedrich Lewy mwaka 1912, na mwaka 1997 ikajulikana kwamba yamefanyika kwa protini hiyo. Mwaka 2003 Heiko Braak wa Ujerumani na wenzake, waliokuwa wakichunguza ubongo wa watu waliokwisha kufa, walisema kwamba madonge huonekana mapema katika vinundu vile vya kunusa, na chini katika shina la ubongo, kwenye chanzo cha mshipa wa fahamu ushukao tumboni. Baadaye ndipo hufika mahali pale patengenezapo dopamini, ambayo kwayo ubongo hutawala mwendo wa mwili. Si wagonjwa wote waonekanao kufuata njia hiyo hatua kwa hatua, lakini yatusaidia kuelewa kwa nini pua hutangulia na mkono hufuata.

Na mkono hauanzi kutetemeka mpaka sehemu kubwa ya chembe zile zitengenezazo dopamini imekwisha kufa. Kwa hiyo ugonjwa hukaa ndani muda mrefu kabla haujaonekana nje. Katika muda huo mtu hulima, huimba kanisani, hulea wajukuu, na hakuna alama ila ndogo ndogo: harufu imepungua, choo kimekuwa kigumu, usiku anapiga kelele na kurusha mikono katika ndoto, hata mwenzake kitandani anaumia. Alama moja peke yake si kitu kikubwa. Zikikutana mbili au tatu katika mtu mmoja, zafaa kuangaliwa.

Hapa twataka kuwasimulia habari ya mke mmoja wa Perth, katika nchi ya Scotland, jina lake Joy Milne, ambaye habari zake zimejulikana ulimwenguni. Yeye alikuwa muuguzi, na mumewe Les alikuwa daktari. Mume alipokuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mkewe alisikia harufu mpya mwilini mwake, nzito, kama ya mafuta ya miski. Alimwambia aoge vema zaidi, na mume akachukizwa. Miaka kama 12 ikapita, ndipo ikajulikana kwamba Les ana ugonjwa wa Parkinson. Baadaye wakaenda pamoja katika mkutano wa wagonjwa, na mama huyu akastaajabu kuisikia harufu ile ile kwa watu wengine chumbani. Akamweleza Tilo Kunath wa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Wakamjaribu kwa fulana zilizovaliwa na watu 12, sita wagonjwa na sita wazima. Aliwatambua wagonjwa wote sita. Ila alimtaja na mmoja wa wale wazima. Wakaandika kwamba amekosa hapo. Haikupita miezi mingi, mtu yule naye akaambiwa na daktari kwamba ana ugonjwa huo. Mwaka 2019 Perdita Barran wa Manchester na wenzake walitoa habari ya kwamba katika mafuta ya ngozi ya wagonjwa wameona vitu kadhaa vyenye kutoa harufu, ambavyo kiasi chake ni tofauti na kile cha watu wazima.

Lakini mioyo yetu yashikwa zaidi na jambo lililotukia nyumbani mwao. Ugonjwa huu huondoa harufu katika pua ya mgonjwa, na hapa pua ya mke ilisikia kile ambacho mgonjwa hakuweza kukijua. Na kwanza wote wawili walidhani ni kosa la uchafu. Wakateta juu ya kuoga, kumbe walikuwa wanatazama mlango wa ugonjwa. Wao walikuwa daktari na muuguzi, wenye elimu hiyo hiyo. Basi tusishangae ikiwa katika nyumba zetu mama mkwe na mke wa mwanawe wanateta juu ya chumvi.

Sasa twawasihi msiogope. Isiwe mtu akikosa kusikia harufu ya vitumbua leo, kesho aanze kugawa mashamba yake. Sababu za pua kuwa kiziwi ni nyingi, na zilizo nyingi si Parkinson. Mafua huiziba, vinyama vya puani huiziba, pigo la kichwa huweza kukata zile nyuzi nyembamba, tumbaku huipunguza. Tangu mwaka 2020 watu wengi walipoteza harufu kwa ugonjwa wa Uviko, na walio wengi ikawarudia. Uzee nao una sehemu yake: Doty na wenzake waliona mwaka 1984 kwamba zaidi ya nusu ya watu wenye miaka 65 hata 80 wana upungufu mkubwa wa kunusa.

Tutoe na mfano wa hesabu, ambao walimu wataupenda. Katika visiwa vya Hawaii wanaume 2,267 wazee, wenye asili ya Kijapani, walipimwa kunusa wakati walipokuwa hawana ugonjwa huu. Kisha wakaangaliwa kwa miaka. Habari yao ilitolewa mwaka 2008: watu 35 walishikwa na ugonjwa wa Parkinson, na katika miaka minne ya kwanza wenye pua dhaifu kabisa walishikwa zaidi kuliko wenye pua kali. Hiyo ndiyo nusu ya habari. Nusu ya pili ni hii: robo ya watu wote wale ni watu kama 567. Hata kama wagonjwa wote 35 wangalitoka katika robo ile yenye pua dhaifu kuliko wote, bado wangalibaki watu zaidi ya 500 wenye pua dhaifu ambao hawakushikwa. Basi pua iliyopungua ni neno la kutufanya tuangalie; si hukumu.

Daktari naye hutumia pua kama shahidi mmoja kati ya mashahidi wengi. Uko ugonjwa mwingine wa kutetemeka, ambao mkono hutetemeka hasa mtu anaponyanyua kikombe, na watu wenye huo kwa kawaida husikia harufu vizuri. Akiwa na shaka, daktari aweza kupata msaada hapo wa kupambanua. Lakini tusidanganyane juu ya dawa. Levodopa, iliyoanza kutumika katika miaka ya 1960, hugeuka dopamini katika ubongo, na watu walioshindwa kufunga vifungo vya shati wamepata kuvifunga tena. Harufu hairudishi. Kwa hiyo aliyepotewa na harufu kwa ugonjwa huu hahitaji dawa tu, anahitaji watu.

Na hapa kwetu habari hii yatugusa sana. Katika wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro, palifanywa uchunguzi wa nyumba kwa nyumba kati ya watu 161,071, na habari zake zikatolewa mwaka 2008. Walionekana watu 33 wenye ugonjwa wa Parkinson, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamepata kuambiwa na mtu yeyote ni ugonjwa gani. Wamekaa na kutetemeka kwao miaka, pasipo jina wala dawa. Ikiwa mkono utetemekao mbele ya watu wote haukutambuliwa, je, pua isiyosikia harufu, ambayo hakuna awezaye kuiona, itatambuliwa na nani? Na mahali pasipo jina la ugonjwa, majina mengine hupapata nafasi. Huyu husemwa amelewa, maana mwendo wake si thabiti. Huyu husemwa amelogwa. Tena wako wagonjwa wasikiao harufu isiyokuwako, kama ya kitu kiunguacho, wala hakuna moto. Nao husemwa wamepandwa na pepo. Ndugu, sisi tuliobatizwa tusiwe wa kwanza kuyatamka maneno hayo wala wa kuyapokea tunapoyasikia kisimani.

Basi tufanye nini? Twatoa mashauri matano.

Kwanza, ulizeni kwa upole, tena mjaribu kwa vitu vya nyumbani. Mzee na afumbe macho, mkamwekee chini ya pua kahawa, kisha karafuu, kisha ganda la ndimu, kisha kitunguu kilichokatwa, kisha sabuni, kimoja kimoja, akipumzika katikati. Mtumie vitu alivyovizoea maisha yake yote. Hii ndiyo sababu tulisema habari ya vile vyakula vya Kimarekani. Msitumie pilipili wala dawa ya kuchua iwashayo, kwa maana mwasho husikiwa kwa mshipa mwingine, na pua kiziwi yaweza kuruka kwa mwasho ingawa harufu haisikii. Jaribio hili halimwambii mtu ugonjwa wake. Lawaambia tu ninyi kwamba mama si mzembe.

Pili, ikiwa harufu haikurudi baada ya mafua kuisha, mpelekeni hospitali. Mwende upesi zaidi mkiona na mambo mengine: mwandiko umekuwa mdogo, mkono mmoja hauchezi anapotembea, sauti imefifia, hatua zimekuwa fupi, au ndoto zinampiga kama tulivyoeleza. Mwambieni daktari mambo yote pamoja, hata yale ya choo, pasipo kuona haya.

Tatu, iwekeni nyumba katika usalama. Asiyesikia harufu asiachwe peke yake na moto. Chakula kilichobaki kiandikwe siku yake, au mtu mwingine akinuse kabla hakijaliwa. Wenye mitungi ya gesi na waangalie zaidi. Gesi ya kupikia hutiwa harufu mbaya kwa makusudi, ili ikivuja watu waisikie. Mwaka 1937, katika mji wa New London huko Texas, gesi isiyotiwa harufu ilivuja chini ya shule, asiisikie mtu. Shule ikalipuka, wakafa watu karibu 300, wengi wao watoto. Baada ya hapo sheria ikaagiza gesi itiwe harufu. Lakini kwa pua kiziwi gesi ya leo ni kama ile ya mwaka 1937. Kwa hiyo mtungi ufungwe kila baada ya kupika, na maungio yapakwe povu la sabuni. Povu likitoa mapovu, gesi inavuja.

Nne, msaidieni kula. Ulimi hujua chumvi, sukari, uchungu na ukali wa ndimu. Mengine mengi tuyaitayo utamu wa chakula hutoka puani. Ndiyo sababu mgonjwa huongeza chumvi na sukari, akitafuta kilichopotea, na hivyo hujiletea madhara mengine. Mpeni ndimu, mpeni chakula chenye rangi, chenye vitu laini na vitu vya kutafuna, chenye moto wa kutosha. Tena mle pamoja naye. Mtu ambaye chakula kimekuwa kwake kama makaratasi hula kwa sababu ya wenzake, na akiachwa peke yake hukonda.

Tano, ulindeni utu wake. Asiyesikia harufu hajui nguo yake ikinuka jasho, wala mtoto aliyempakata akijisaidia. Hili na aambiwe faraghani, na mtu mmoja ampendaye, kwa maneno machache. Asiambiwe mbele ya wageni, wala kwa kukunja pua.

Nanyi walimu, twawaombeni msaada. Mnapofundisha watoto habari za hisi tano, msiishie kwenye macho na masikio. Chukueni majani ya mchaichai, iliki, na kahawa, mkawafunge watoto vitambaa machoni, wakatambue. Kisha waambieni kwamba huenda yuko bibi au babu nyumbani ambaye hayasikii haya, na mtoto mwenye pua nzima aweza kuwa mlinzi wa jiko lake. Watoto hupenda kupewa ulinzi. Mtoto wa miaka minane akiambiwa, "Wewe ndiwe pua ya bibi," hatakuwa na haja ya kuambiwa mara ya pili.

Kabla hatujamaliza, tuseme neno juu ya huzuni, maana wengi hulidharau. Isaka alipokuwa mzee na macho yake hayaoni, harufu ya mavazi ya mwanawe ilimletea shamba lote mbele yake, akabariki. Huko Bethania Mariamu alipompaka Yesu marhamu, nyumba nzima ilijaa manukato, na aliyekuwa pembeni kabisa, asiyeona lililotendeka, alijua kwamba jambo kubwa limetendeka. Aliyepotewa na harufu amepotewa na vitu vya namna hii: kichwa cha mjukuu aliyetoka kuogeshwa, udongo baada ya mvua ya kwanza, shuka zilizofukizwa udi siku ya arusi, mkate wa Krismasi. Hawezi kuonyesha jeraha lake, na akilalamika huambiwa, "Shukuru kwamba waona na wasikia." Ni kweli, na ashukuru, lakini nasi tusimzuie kulia.

Paulo, katika maneno yale yale kwa Wakorintho, hakusema kwamba kila kiungo kitakuwa kizima siku zote. Alisema kiungo kimoja kikiumia, vyote huumia pamoja nacho. Twaona kwamba jambo hili laweza kutimizwa jikoni, pasipo fedha na pasipo elimu kubwa. Jioni hii, sufuria ikiwa mekoni, mkalishe mzee wenu karibu, mkamwulize, "Mama, wasikia harufu ya nini?" Akijibu sawasawa, mshukuru Mungu pamoja. Akisema hasikii kitu, msimcheke wala msiogope. Mwambieni ni mchuzi wa samaki, umeiva vizuri, na bado haujashika chini. Kisha mtieni chakula, mkale naye.

Mungu awabariki katika nyumba zenu.